Etnografia ya mtandaoni nchi nne: washiriki wananyamaza wiki ya tatu, nipangeje?

Mratibu_Nne

Habari za kazi wakuu. Naratibu utafiti wa etnografia ya mtandaoni, yaani kufuatilia maisha ya watu kwa karibu kupitia mtandao, kuhusu watu wanaotunza wazazi wao wazee nyumbani. Nchi ni Brazil, Ujerumani, Kenya na India, washiriki 15 kila nchi, kwa wiki 8. Kila mmoja anaweka shajara ya picha, ujumbe wa sauti na maandishi, na kila nchi ina kundi lake la WhatsApp. Kwenye majaribio wiki ya kwanza watu walimiminika. Kufika ya tatu wakabaki wawili watatu wanaozungumza kwa niaba ya kundi zima.

Nahitaji kujua: kazi ngapi kwa wiki, nani aongee na washiriki, ridhaa inakuwaje kwa wazazi wanaopigwa picha bila kusaini chochote, na malipo yapangwe vipi kwa nchi zenye hali tofauti. Naomba mambo ya utekelezaji, nadharia tunayo.

---

ShajaraNaSauti

Mkuu, chanzo cha ukimya huo ni kundi lenyewe. Usikusanye shajara kundini. Mtu wa kwanza akijibu kwa sauti ya dakika nne, wengine ama wanafuata mkondo wake, ama wanaona yao ni madogo mno wanakaa kimya. Na habari za kumwogesha mama, au ugomvi wa ndugu juu ya nani atoe hela, hazisemwi mbele ya watu 14 ambao mtu hawajui. Shajara iende faragha, kutoka kwa mshiriki hadi kwa mwenyeji wa nchi yake, yaani mtu wa mradi anayewasiliana na washiriki wa nchi hiyo. Kundi libaki na mjadala mmoja kwa wiki. Tena kwenye kundi la WhatsApp wenzako wanaona namba yako; hilo liandikwe waziwazi kwenye fomu ya ridhaa, na asiyetaka kuingia kundini aachwe abaki na shajara tu.

Wa kuongea na washiriki ni mwenyeji wa nchi, si wewe. Mwenyeji mmoja kwa watu 15, analipwa, saa 10 kwa wiki. Ukimpa watu 30 ataanza kuandika "asante sana, endelea hivyo hivyo", na hapo ndipo shajara inapofia. Jibu lenye uhai linashika kitu kimoja ndani ya kile mtu alichotuma. Tuseme mshiriki katuma picha ya kisanduku cha dawa chenye vyumba saba, na chumba kimoja kimezibwa kwa utepe. Muulize utepe ule kaweka nani, na kwa nini siku hiyo. Swali kama hilo likifika ndani ya saa 24 linaleta maelezo marefu. Likifika siku ya tano linakuta tukio limeshapoa.

Kazi mbili kwa wiki zinatosha kabisa. Moja ya dakika 5, yaani picha moja na sauti fupi. Nyingine ya dakika 20. Wiki ya 4 usitoe kazi mpya. Wapelekee ukurasa mmoja, au sauti kwa wasiopenda kusoma, wa mambo mliyoyaona hadi hapo katika nchi yao, kisha waulize wapi mmeelewa vibaya. Aliyenyamaza huwa mwepesi zaidi kurudi ili asahihishe kuliko kujibu swali jingine.

Mwenyeji awe na jedwali moja: namba ya mshiriki, siku alipotuma mara ya mwisho, kazi zilizobaki, hatua iliyochukuliwa. Kimya cha siku 3, ujumbe wa faragha wa kumjulia hali, bila kumkumbusha deni. Siku 7, mpe njia nyepesi zaidi, mfano simu ya dakika 10 badala ya kuandika. Siku 14, muulize kama angependa kupumzika au kujitoa, na kama anajitoa, aliyokwisha kutuma yabaki au yafutwe. Baada ya hapo mwacheni. Ukumbusho wa nne unageuka usumbufu.

Sajili 18 ili ubaki na 15. Kabla ya kusajili, mwombe kila mtu sauti ya dakika moja kama zoezi. Asiyeituma hata baada ya kukumbushwa mara moja, wiki nane zitamlemea.

---

Ridhaa_Kwanza

Niongeze upande wa vibali na data, maana ratiba yote inakaa juu yake.

Idhini ya taasisi inayoongoza mradi haitoshi nchi zote. Kenya mnahitaji idhini ya kamati ya maadili na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Brazil maombi yanapitia Plataforma Brasil, mfumo wa mtandaoni wa maombi ya idhini ya maadili, na utafiti wa sayansi za jamii una azimio lake, namba 510 la mwaka 2016. Tengeni miezi, si wiki. Msianze kusajili nchi moja huku nyingine bado: kamati ya mwisho ikidai fomu ibadilishwe, mtabaki na ridhaa za aina mbili ndani ya mradi mmoja.

Sheria za ulinzi wa data binafsi nazo ni nne: kanuni ya GDPR ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Mei 2018, sheria ya Kenya ya 2019, LGPD ya Brazil iliyoanza kutumika 2020, na ya India iliyopitishwa 2023. Kwa kila kipengele chukueni sharti kali zaidi mlitumie kote, ili mwenyeji asilazimike kukumbuka taratibu nne. Chini ya GDPR, tukio la kuvuja kwa data linaloweza kuwadhuru wahusika linaripotiwa kwa mamlaka ndani ya saa 72 tangu mlijue. Mwenyeji aliyepoteza simu akikaa kimya siku mbili akiitafuta, muda wenu mwingi umekwisha. Aandikiwe kwamba anatoa taarifa siku hiyohiyo. Na kumpa mshiriki namba badala ya jina hakuiondoi data chini ya sheria maadamu orodha ya kuunganisha namba na majina ipo. Orodha hiyo ihifadhiwe mahali tofauti, chini ya nenosiri tofauti.

Sasa wazazi. Ridhaa ya mtoto si ridhaa ya mzazi. Kanuni ya msingi iwe: hakuna uso wala mwili, piga mikono, vitu, vyumba, meza ya dawa. Anayetaka kutuma picha inayomtambulisha mzazi amsomee maelezo mafupi kwa sauti, na mzazi akubali mwenyewe. Mzazi ambaye kumbukumbu imemtoka kiasi cha kutoelewa anachoombwa, asipigwe kabisa. Mshiriki akisahau na kutuma, mwenyeji anafuta na kueleza kwa upole, haihifadhi "kwa muda". Pia picha inayotumwa kama waraka inabeba taarifa za mahali na saa ilipopigwa, kwa hiyo zifutwe kila mnapohifadhi.

Ridhaa iombwe mara tatu: mwanzo, wiki ya 4, na mwisho mtakapochagua nukuu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika sana. Watu wengi huandika mambo yaleyale kwenye kurasa za wazi, na sentensi ikinukuliwa neno kwa neno inatafutika mtandaoni kwa dakika moja. Nukuu hizo ziandikwe upya kwa maneno mengine, au mwenyewe akubali akijua hatari hiyo.

---

Mratibu_Nne

Nimeelewa, shukrani sana. Mawili yamebaki. Je, ni heri tutumie programu maalumu ya utafiti badala ya WhatsApp? Na kikao cha wenyeji wanne kikae saa ngapi?

---

UzaniSawa

Programu maalumu inawapa ulinzi mzuri, ila inamdai mshiriki apakue, afungue akaunti, akumbuke nenosiri jipya. Mtu anayetunza mgonjwa na simu iliyojaa hataifungua mara mbili kwa wiki. Mazungumzo yakae pale alipozoea, data isikae pale. Mradi unampa mwenyeji simu na laini ya kazi. Kila jioni anahamishia shajara kwenye hifadhi ya mradi. Nakala rudufu ya kwenye wingu izimwe, picha zisijihifadhi zenyewe kwenye matunzio, na ujumbe wa kutoweka uwekwe siku 7, ili siku akichelewa kuhamisha kisipotee kitu. Mkihamia Telegram, jueni makundi yake ya kawaida hayana usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani ule unaofanya ujumbe usomwe na walio kwenye mazungumzo tu.

Kikao: 13:00 UTC (saa ya marejeo ya dunia) ni 10:00 Brasília, 16:00 Nairobi, 18:30 Delhi, na Berlin 14:00 wakati wa baridi, 15:00 wakati wa joto. Ujerumani hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kenya na India hazibadili, na Brazil iliacha mwaka 2019. Mwaliko ukitengenezwa kwa saa za Berlin, utawasogeza wenzao watatu saa nzima bila mtu kujua. Utengenezwe kwa saa za Nairobi, Mjerumani ndiye asogee.

Malipo hesabu kwa muda. Kazi za shajara dakika 25 kwa wiki 7 ni kama saa 3, mjadala wa kundi saa 3, mahojiano mawili saa 2: jumla saa 8. Zidisha kwa ujira wa saa wa mhudumu wa wazee katika nchi husika. Viwango vitatofautiana, na washiriki wakikutanishwa watalinganisha, kwa hiyo kanuni ya hesabu iandikwe kwenye maelezo ya mwanzo, isomwe na wote. Gharama ya intaneti ni kando, nayo itangulie. Lipa wiki ya 1, ya 4 na ya 8. Usilipe kwa idadi ya machapisho, utapata picha nyingi za vikombe vya chai zisizosema lolote. Anayejitoa hadaiwi alichokwisha kupokea.

Kuhusu maswali: usipeleke maswali yaliyokamilika ili yatafsiriwe. Peleka kusudi la kazi kwa sentensi mbili, kila mwenyeji atunge swali lake, kisha myalinganishe kikaoni.

---

Zamu_ya_Usiku

Hakuna aliyegusa usiku. Watunzaji huandika saa nane za usiku, mzazi akishalala, na baadhi ya ujumbe huo ni mzito. Mwenyeji atangaze saa zake za kujibu, na nje ya hapo jibu linalojituma lenyewe litoe namba za msaada za nchi hiyo, zilizopigwa na kuhakikiwa kabla ya kuanza. Shajara ikionyesha mzazi anaumizwa au mtunzaji anafikiria kujidhuru, mwenyeji haamui peke yake: anakupigia siku hiyohiyo. Mpaka wa usiri kwa hali hizo uwemo kwenye fomu ya ridhaa tangu mwanzo, usiuvumbue tukio likishatokea.

Wenyeji nao watengewe nusu saa kila wiki ya kuongea na mtu nje ya mradi. Na kufunga kuanze wiki ya 6: tarehe ya mwisho itangazwe, kila mshiriki aulizwe kama anataka nakala ya shajara yake, na kundi lifungwe siku iliyotajwa. Wakitaka kuendelea wenyewe, wafungue lao bila mtafiti ndani.