Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kumsikia Emily ndani ya Linkin Park ilikuwaje kwako?

Gitaa Bovu
Wakuu, uzi huu ni wa tuliokua na Linkin Park, ile bendi ya rock ya Marekani. Anayekuja kuuliza "rock ndiyo nini" apite salama.

Naanza na yangu. Albamu yao ya Meteora niliipata 2004 nikiwa kidato cha pili. Ilikuwa sidii ya kuchoma, kaniletea binamu yangu kutoka Arusha, juu imeandikwa kwa maka peni "LINKING PACK". Mama yangu aliuita ule muziki "watu wanaogombana". Niliusikiliza hadi sidii ikaanza kuruka. Chester, mwimbaji wao, alipofariki, Julai 20, 2017, nilikuwa kwenye daladala usiku. Nikaisoma kwenye simu, nikapitilizwa vituo viwili.

Miaka saba ikapita. Agosti 2024 wakaweka saa mtandaoni inayohesabu kurudi nyuma, ikafika sifuri, halafu ikaanza tena kuhesabu kwenda mbele, tukabaki tunatukanana wenyewe kwa wenyewe. Septemba 5 ndipo wakatokea: Emily Armstrong wa bendi ya Dead Sara kwenye sauti, Colin Brittain kwenye drams mahali pa Rob Bourdon. Huku kwetu watu wamelala. Wimbo ukaanza, Mike Shinoda, yule wa kurapu, peke yake, beti nzima na kiitikio. Nikasema ahaa, kumbe Mike ataimba zote. Beti ya pili akaingia mwanamke. Nikazima. Na alikuwa anaimba vizuri, hicho ndicho kilichoniudhi.

Haya, leteni zenu. Ligi ya Chester na Emily nani zaidi, tafadhali, hapana.

Kipanga wa Nakuru
Mimi hupiga drams kanisani, kwa hivyo masikio yangu huenda huko kwanza. Nyote mnalilia sauti, hakuna anayemtaja Rob. Rob hakuwa na mapambo. Alipiga kile wimbo unataka, akanyamaza. Ndiyo maana zile ngoma za Hybrid Theory, albamu yao ya kwanza, hata mtoto wa Sunday school angezifuata. Huyu Colin husukuma. Ukisikiza From Zero, hii albamu waliyotoa na Emily, na earphone utamsikia yuko mbele ya gitaa kidogo, kama dereva wa matatu ameona mwenzake anamkaribia. Kwenye wimbo wa Casualty ndiyo kabisa, ni kama mtu amefungulia ng'ombe wote boma kwa mara moja.

Nilianza kuwapenda nikiwa form three, enzi za X FM hapa Kenya. Kwangu bendi ilibadilika kwa drams, na nimeikubali. Sauti bado naizoea.

Sisikilizi
Sijasikiliza na sitasikiliza. Chester basi.

Mchele Mbeya
Sasa mkuu uzi umeufungua wa nini 😂

Sisikilizi
Kuona kama niko peke yangu.

Ukhti wa Mbweni
Haupo peke yako kaka yangu, lakini ngoja nikwambie la upande wetu. Skuli nilikuwa naimba sehemu za Chester chumbani, mlango nimeufunga, na kaka zangu wakinisikia wananicheka, wakisema msichana anayepiga makelele kama yale ataharibika koo asipate hata kusoma maulidi. Nikaacha. Nikawa nafuata sehemu za Mike tu, za maneno ya haraka, maana hizo hawazicheki.

Ilipotoka Heavy Is the Crown, ule wimbo wa mashindano ya gemu ya kompyuta ya League of Legends, nilikuwa jikoni. Lile kelele refu la Emily likaja, likaenda, likaenda, nikasita na mwiko mkononi nikingojea lini atavuta pumzi. Nikalirudisha mara nne. Wali ukaungua kidogo chini. Sikuwaza Chester hata kidogo, nisameheni. Nilimuwaza yule msichana nyuma ya mlango.

Mtoto wa Msondo
Nitaleta ya nyumbani. Baba yangu ni wa muziki wa dansi, rock haijui wala haitaki. Nilimweleza kwamba bendi yangu imefiwa na mwimbaji, sasa wamechukua mwingine, watu wanatoana macho. Akacheka. Akaniambia mwimbaji Gurumo alipotoka bendi ya Msondo 1978 kwenda Mlimani Park, yaani Sikinde, marafiki waliokuwa wakikaa meza moja waligawanyika, na kuna aliyekuwa shahidi wa ndoa ya mwenzake wakaacha kusalimiana. Halafu miaka ya themanini Gurumo huyo huyo akaondoka Sikinde kwenda bendi ya OSS, ugomvi ukaanza upya.

Nikamuuliza, wewe ulifanya nini? Akasema alikuwa anahudhuria kote, ila mama hakuwa anajua.

Nikamwambia baba, Gurumo alihama tu, ukimtaka ulijua pa kumfuata. Huyu wetu amekufa. Hapo akanyamaza, akaomba nimwekee nyimbo mbili. Emily hakumwelewa. Gitaa la besi alilisifu.

Fundi Simu
Mnasahau kitu. Jina From Zero halikuokotwa. Kabla ya kuitwa Linkin Park walijiita Xero, na mwimbaji alikuwa Mark Wakefield. Chester aliingia 1999, mgeni kutoka Arizona. Kwa hiyo mnayemlilia naye alimrithi mtu.

Gitaa Bovu
Ni kweli mkuu. Ila 1999 hakuna aliyekuwa amembandika Wakefield ukutani.

Baridi Coventry
Mimi niliwaona London, Septemba 24, 2024, ukumbi wa O2. Tiketi ilinitoa jasho, nikabadilishana zamu na Mpoland mmoja kazini ambaye mpaka leo ananidai Jumapili mbili.

Walipopanda jukwaani nikajikuta nahesabu. Mike. Phoenix. Joe Hahn. Gitaa anapiga Alex Feder, kwa sababu Brad Delson yumo kwenye bendi ila ziara haendi. Watatu kati ya wale sita wa bango langu la Upanga. Nikasononeka kweli. Nyimbo mpya nilizipigia makofi ya adabu, kama mgeni kwenye harusi ya jirani.

Zilipokuja za zamani nilikuwa nimejiandaa kumkosoa. Sikupata nafasi, maana ukumbi mzima ulikuwa unaimba na sauti yake ilikuwa humo ndani kama ya mtu mwingine yeyote. Mzungu wa pembeni yangu, mtu mzima, mvi tupu, alikuwa analia waziwazi. Tukashikana mabega, hatukuulizana majina.

Mchele Mbeya
Mimi nilimkataa miezi minane. Ikaja fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mei 31, 2025, Munich, PSG na Inter. Niko kibanda umiza, tumebanana. Kabla ya mpira Linkin Park wanapanda, Emily anaanza. Kibanda chote: "Toeni huyo! Mpira!" Jamaa mmoja akauliza, huyu dada anaumwa wapi?

Nikasimama. Nikawaambia huyo ni mwimbaji wetu, muwe na heshima. Nilisema WETU, wakuu. Neno lilitoka lenyewe. Wakanizomea mpaka mechi ilipoanza, na nilikuwa nimeweka hela kwa Inter, mnajua ziliisha ngapi.

Sisikilizi
Tano bila. Pole.

Gitaa Bovu
Narudi na mrejesho. Jumapili nilikwenda kwa mama, nikaicheza albamu yote kwa spika ndogo yeye akichambua mchele. Nyimbo 11, haifiki hata dakika 35. Beti ya pili ya ule wimbo safari hii sikuizima.

Katikati mama akauliza, "Hawa si wale wagomvi wako?" Nikasema ndiyo. "Leo kuna mwanamke." Nikasema ndiyo. Akachambua kidogo.

"Na yule kijana aliyekuwa analia?"

Nikamwambia alifariki, muda sasa. Akasema, "Loo. Hukuniambia."