Bathtabu ya Bibi (kundi la familia, Moshi)

Mama Glory: Shikamooni wakubwa. Fundi bomba yuko kwa Bibi hapa Rau, mabomba yote ya chuma ya zamani yanatoka, tunaweka ya plastiki. Tumekwama kwenye bathtabu. Kile kiringi cha tundu la kutolea maji kimegoma kabisa. Anaomba akigonge kwa nyundo na patasi.

Mjomba Elisante: Marahaba mwanangu. Mwambie aweke nyundo chini. ASIGONGE.

Mjomba Elisante: Hiyo bathtabu ni chuma, ule weupe wa juu ni enameli, yaani kioo kilichoyeyushwa kikagandamana na chuma. Nyundo ikiteleza, kipande kinabanduka, na hapohapo kutu inaanza kula. Hakuna rangi ya dukani itakayorudisha weupe ule.

Joel Arusha: Kwani isitolewe tu tuweke bomba la mvua? Bibi anavuka ule ukingo kwa shida.

Shangazi Anna: Joel, Bibi ameshasema anaitaka. Akikaa kwenye maji ya moto magoti yanapata nafuu, hasa baridi hii ya Julai. Tutamwekea chuma cha kushikilia ukutani.

Joel Arusha: Sawa shangazi. Hicho chuma nitakinunua mimi.

Shangazi Anna: Mungu akubariki baba.

Mjomba Elisante: Mama Glory nitumie picha ya tundu kwa karibu, na ya chini ya bathtabu.

Mama Glory: 📷 Chini hapaonekani mjomba, pamezungushiwa tofali na vigae.

Mjomba Elisante: Nimeona. Kimsalaba cha ndani kimeliwa na kutu, ndiyo maana spana haina pa kushika. Sasa sikilizeni. Bathtabu nyingi za Kiingereza za zamani, kiringi kinapita kwenye tundu na chini yake kuna nati kubwa inayokibana. Msipoishika hiyo nati mtazungusha juu mpaka usiku, na yenyewe inazunguka huko chini.

Mjomba Elisante: Atoe vigae upande wa tundu, nafasi ya mkono na spana ya bomba inatosha. Apulizie nati ile dawa ya kulegeza kutu, aiache ifanye kazi, wala asiwe na haraka. Kisha mmoja ashike kiringi juu kisizunguke, mwingine afungue nati chini.

Baba Ivan: Mjomba, si wamwage tu ile dawa kali ya kuzibulia mabomba?

Mjomba Elisante: Hapana mangi. Ile inayeyusha mafuta na nywele, nati hailegezi. Na fundi anaingiza mikono humo, itamuunguza.

Mama Glory: Na nati nayo ikigoma?

Mjomba Elisante: Aikate. Achukue ubao wa msumeno wa chuma peke yake, auzungushie kitambaa mwisho mmoja apate pa kushika, akate nati kutokea chini. Huko hakuna enameli ya kuharibu. Hiki kiringi hatukihitaji tena, tunachokilinda ni bathtabu.

Mama Glory: 📷 IMETOKA!! Nati imekatika, kiringi kimenyanyuka chenyewe. Chini yake kuna uchafu mweusi mgumu kama jiwe.

Mjomba Elisante: Safi sana. Huo ni udongo wa kuzibia waliouweka zamani. Aukwangue kwa kipande cha plastiki, si bisibisi. Na azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa sasa hivi, harufu ya shimo na mende visipande ndani.

Mama Glory: Kipya ni inchi moja na nusu, na washa zake, zile pete za kuzuia maji yasivuje, zipo.

Mjomba Elisante: Apake silikoni chini ya ukingo wa kiringi, washa ya mpira ikae chini ya bathtabu, nati aikaze kwa mkono kisha spana kidogo tu. Akikaza kupita kiasi mpira unajikunja, maji yanapita. Silikoni ikauke mpaka kesho.

*Siku iliyofuata*

Mama Glory: Shikamoo mjomba. Tumejaza maji, tumeyaachia yote kwa pamoja. Nimepapasa maungio kwa karatasi ya chooni, kavu.

Mjomba Elisante: Marahaba. Sasa asirudishie tofali na simenti pale. Aweke kijimlango cha kufungua, siku nyingine mtu achungulie bila kuvunja vigae.

Mama Glory: Namwambia sasa hivi. Aika mjomba.