Walimu wa sekondari, mkutubi siyo mshika funguo!

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mkutubi kwenye sekondari moja hapa Moshi. Jina la shule naliweka kapuni maana mshahara bado nauhitaji.

Juzi mwalimu wa Historia kawapa Kidato cha Tatu, mikondo yote, kazi ya kuandika jinsi wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walivyojiunga, kuanzia chama cha wakulima KNPA cha 1925 hadi chama kikuu cha ushirika KNCU cha 1933. Kazi nzuri mno! Mada ya nyumbani, wengine babu zao wameuza kahawa huko huko. Ila mimi nimeijua lini? Kundi zima liliposimama mlangoni, wote wanataka kitabu kimoja, kazi inakusanywa kesho yake asubuhi. Nakala ninayo moja. Nyingine kazifungia mwalimu huyo kabatini kwake tangu muhula uliopita! Jioni nakagua, ukurasa wa KNPA umechanwa. Waliochelewa wakanakili kwa wenzao, makosa na yote.

Angeniambia wiki moja tu kabla. Ningetoa vitabu vya historia ya Tanzania, namba 967.8 rafuni, na vile vya ushirika kule 334 (watoto hawajui kwamba mada moja inaweza kukaa rafu mbili, hilo hufundishwa), ningepita maktaba ya mkoa kuuliza wana nini, vyote vingekaa mezani bila kuazimwa. Kipindi kimoja tungekiendesha pamoja: yeye historia, mimi namna ya kutumia faharasa na kutaja habari umeitoa wapi. Azimio la kazi, yaani mpango wake wa nini atafundisha na lini, analo tayari, mwalimu wa taaluma kapewa. Kunitolea na mimi nakala kunagharimu nini?

Lakini kikao cha taaluma siitwi, eti mimi si mwalimu. Ukutubi nimesomea chuo cha ukutubi Bagamoyo jamani, funguo sikuziokota njiani. Nakumbukwa mwalimu akiugua: "Wapelekeni maktaba wakae kimya." Wakifika wanalala. Mitihani ya majaribio ikija, meza zangu zinabebwa bila hata hodi.

Mkuu wa shule nimemwandikia, kajibu, "Elewaneni wenyewe." Halafu huyo huyo, kwenye kikao cha wazazi, analalamika kwamba watoto hawapendi kusoma!

Walimu mliomo humu, nijibuni bila matusi: nani kati yenu amewahi kumpa mkutubi azimio lake la kazi? Na wakutubi wa Arusha mnaoingia vikao vya taaluma, mlipitia mlango gani?