Tupeane uzoefu: sheria ya Uganda ilikufundisha nini ukiwa mgeni kwenye biashara?

MCHELE WA KAHAMA (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huu ni mwaka wangu wa saba Kampala, nauza mchele wa jumla. Nanunua Kahama, mzigo unapita mpakani Mutukula, unashukia Kikuubo, soko la jumla la hapa mjini. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu wiki iliyopita nimemaliza dai lililonitoa jasho miaka miwili, na kila niliyemsimulia alikuwa na la kwake.

Kosa langu lilikuwa kujiona niko nyumbani. Mimi ni mtu wa Bukoba, na Kampala ni jirani kuliko Dodoma. Kihaya na Kiganda ni mtu na binamu yake. Nikadhani sheria nazo ni zilezile, tofauti ni noti tu.

Nilikuwa na mteja, nimwite Ssebo tu. Tulianza na magunia matano, akilipa siku ileile. Yakawa ishirini, yakawa arobaini, mali kauli: anachukua leo, analipa baadaye. Mwaka wa tatu deni likafika shilingi milioni 43 za Uganda, na simu yake ikaanza kuishiwa chaji kila nikipiga. Nikaenda kwa wakili na daftari langu: tarehe, magunia, bei, vyote vimepangwa vizuri, mwandiko wangu mwanzo hadi mwisho. Wakili akalifungua, akalifunga. "Yeye amesaini wapi?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 inataka mkataba wowote unaozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni 500,000. Nusu milioni, wakuu! Kwa mchele hayo hata magunia mawili ya kilo mia hayafiki. Miaka mitatu nilikuwa nafanya biashara ya mdomo katika nchi inayotaka karatasi.

Kilichoniokoa ni WhatsApp. Sheria hiyohiyo inauhesabu ujumbe wa kielektroniki kuwa ni maandishi, mradi uweze kufunguliwa tena na kusomeka. Nilikuwa na jumbe za miezi mingi: "Zimeshuka arobaini?" "Zimefika, Ijumaa natuma." Ijumaa zilikuwa nyingi sana humo. Bahati mbaya nyingine tulizungumza kwa sauti, na sauti hizo nilikuwa nazifuta ili simu isijae.

Shughuli ikawa lugha. Nyumbani, tangu sheria ilipobadilishwa 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili. Kampala lugha ya mahakama ni Kiingereza. Ndiyo, Katiba yao imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini usiende mahakamani na heshima hiyo mfukoni. Kila ujumbe ilibidi utafsiriwe na mtu aliyekula kiapo, anayelipwa kwa ukurasa. Alinipigia kuuliza "mzigo" kwenye jumbe zangu ni mali au ni taabu. Nikamjibu siku ile ilikuwa mali, sasa ni taabu.

Kabla ya kesi kusikilizwa tulipelekwa kwenye upatanishi, ni utaratibu wa kanuni zao za 2013. Kikao cha pili Ssebo akakubali milioni 35 kwa awamu. Ya mwisho imeingia Jumanne. Milioni nane nimesamehe bila kupenda.

Leteni zenu.

MAMA DERA

Pole mwaya. Mimi nauza madera na vitenge kwenye jengo moja la maduka katikati ya mji. Asubuhi moja nimefika nakuta kufuli juu ya kufuli langu. Mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi kutoka dola 600 hadi 750, nami nikawa nimelipa ileile ya zamani.

Jirani yangu Mganda akaniambia usilie, nenda kwa wakili, kuna sheria ya 2022 ya wenye nyumba na wapangaji. Kumbe mwenye nyumba haruhusiwi kukutoa bila amri ya mahakama, na nyongeza isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Barua moja tu ya wakili, kufuli likatoka siku ya pili, kodi ikawa 660.

Ila kwenye dola nilishindwa. Sheria inasema kodi ni kwa shilingi, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Wangu ulikuwa umesema vinginevyo, ukurasa wa tatu, na sahihi yangu nzuri iko chini yake.

SPEA BUSIA

Mimi ni Mkenya, vipuri vya malori. Yangu ni ya kuchekesha kidogo. Nilifungua kampuni Uganda, nikapata kazi ya kuuzia kampuni moja kubwa. Ankara ya milioni 10, wakanitumia 9,400,000. Nikawasha moto pale ofisini, nikawaita wezi mbele ya watu. Mama wa uhasibu akaningoja nimalize, akanipa cheti: asilimia 6 ya kodi ya zuio, wameipeleka URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwa jina langu, nitaitoa kwenye kodi yangu mwisho wa mwaka. Nilirudi siku nyingine na soda.

Mara ya pili walikataa kulipa kabisa kwa sababu ankara yangu haikutoka kwenye EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki. Bila hiyo, wao hawawezi kuidai VAT waliyonilipa. Mnakumbuka Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kwa sababu ya mfumo huohuo? Nami nilifunga kuwaunga mkono. Jioni nikarudi kujifunza kuutumia.

Na Wakenya wenzangu, kibali cha kazi hatulipii ada Uganda, lakini kutolipia si kutokuwa nacho.

MZEE WA KISENYI

Nyinyi vijana mnapenda karatasi. Mimi niko hapa miaka mingi, natoa mahindi kwa mashine za kusaga za Kisenyi, hapa Kampala, sijawahi kuandikiana na mtu na sijadhulumiwa. Namjua baba yake, nalijua duka la shemeji yake, tunazikana. Akinidhulumu, kesho atanunua kwa nani?

MCHELE WA KAHAMA

Mzee wangu, shikamoo. Ssebo nilimjua baba yake pia. Nilikula kwao Krismasi.

MZEE WA KISENYI

Marahaba. Basi ulikula na kuondoka, hukuoa kwao.

MWANA BUTEMBO

Jambo bandugu. Mimi natoka Butembo, navuka mpaka kwa Kasindi na Mpondwe. Kwetu Kinande, ng'ambo Bwera wanasema Lukonzo, tunasikilizana bila mkalimani. Ndiyo maana nilichelewa kuelewa kwamba nimevuka kitu kikubwa kuliko mto.

Congo sheria zetu zina mzizi wa Ubelgiji, na tangu 2012 biashara tunaifuata kwa sheria za OHADA, zile za pamoja za nchi kadhaa za Afrika. Kwangu mimi, kama notari ameandika na kupiga muhuri, mambo yameisha. Nilimpa ndugu yangu wa Kampala uwakilishi wa kusaini kwa niaba yangu, karatasi ya notari, Kifaransa kizuri, muhuri mkubwa kama sahani. Benki wakaiangalia kama barua ya mapenzi. Ikabidi itafsiriwe, ithibitishwe, isajiliwe URSB, ofisi ya usajili ya Uganda. Mwezi mzima, na kontena bandarini Mombasa linahesabu siku.

Lakini kilichonishangaza zaidi kilitokea baadaye. Nilipata mgogoro na mtu juu ya mbao zilizofika zimepasuka. Nikaenda kwa wakili, nikamwambia nionyeshe kifungu. Akanionyesha sheria, ndiyo, ya mauzo ya bidhaa ya 2017. Kisha akatoa hukumu ya watu wengine kabisa, wawili nisiowajua, waliogombana miaka ya nyuma juu ya bidhaa nyingine, akasema hii ndiyo itakayoamua kesi yako. Nikamuuliza, mimi na hawa tuna undugu gani? Akacheka. Akanieleza kwamba hapa waliichukua sheria ya Waingereza, ile ya majaji, na tarehe yenyewe imeandikwa: 11 Agosti 1902. Hukumu ya mahakama ya juu inaifunga mahakama ya chini, hata kama haikukuhusu siku ilipotolewa.

Kwetu hukumu ya jirani ni habari. Kwao hukumu ya jirani ni sheria. Nilirudi hoteli, sikulala vizuri. Nilikuwa nikifikiri ni watu wangapi waliogombana zamani ambao sasa wanakaa ndani ya mkataba wangu bila mimi kuwaona.

KARANI WA BOMBO

Ndugu wa Butembo umeeleza kuliko wakili wangu. Mimi ni Mnubi wa Bombo, karani katika ofisi ya mawakili, Kampala. Niongeze machache.

Wenye madeni madogo msikimbilie mawakili. Dai lisilozidi milioni 10 lina utaratibu wake wa madai madogo kwa hakimu, na humo mawakili hawaruhusiwi kabisa. Unaandika barua ya madai, unampa muda, akikaa kimya unajaza fomu. Bosi wangu hafurahi nikiwaambia haya.

Wakili akikuambia yeye ni wakili, mwombe cheti chake cha mwaka huu. Kinatolewa upya kila mwaka. Muhuri pekee usikutie moyo. Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, muhuri unachongwa kabla chai haijapoa.

Na ukisoma vifungu kwenye simu, angalia toleo. Toleo jipya la sheria zetu lilianza kutumika 1 Julai 2024 na namba nyingi zimehama. Watu wanakuja na kifungu sahihi cha namba ya zamani, wanabishana na karani.

Halafu Watanzania, mkija ofisini msiseme "naomba kama itawezekana." Semeni mnachotaka. Tunadhani hamjaamua.

ELDORET HADI KLA

Ngojeni mniskize mimi, yenu ni ya pesa ndogo. Nilitaka ekari mbili upande wa Mukono, jirani tu na Kampala, nijenge ghala. Dalali akaniambia kuna kibanja kizuri. Masikio yangu ya Kiswahili yakasikia "kiwanja". Nikaenda, nikaona, nikapenda, nikaweka milioni 8 za kushikilia.

Wakili akanikalisha chini. Kwanza, ardhi ile ni ya mailo. Jina lenyewe ni maili: Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, na hati zake zinarithiwa hadi leo. Pili, mgeni hawezi kumiliki mailo wala umiliki huru (freehold). Mwisho wake ni kukodi, isizidi miaka 99. Hilo nililielewa, hata Kenya mgeni ana 99. Tatu ndiyo iliyoniua. Kibanja si kiwanja. Ni haki ya mtu anayekaa kwenye ardhi ya mwenye hati, anamlipa busuulu, yaani kodi ndogo ya ardhi, kila mwaka, na hawezi kuondolewa hivihivi. Sababu ni kutolipa busuulu, tena kwa amri ya mahakama. Udongo mmoja, watu wawili, wote wana haki na wote wanaweza kukuuzia kitu. Mimi nilikuwa nauziwa kibanja na mtu wa kibanja, na mwenye hati hajui kama nimezaliwa.

Dalali alinirudishia milioni 5. Tatu alisema ni za "usafiri". Mukono!

MCHELE WA KAHAMA

Kwetu Uhaya kibanja ni migomba na nyumba, na babu yako amezikwa humohumo. Neno moja, nchi mbili, Kiswahili cha tatu.

SPEA BUSIA

Si ungefungua kampuni ya Uganda, inunue kampuni?

KARANI WA BOMBO

Haisaidii. Kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wageni nayo ni mgeni kwenye ardhi. Na ukimweka rafiki Mganda asimame kwa jina lake, hiyo si ardhi yako, ni imani yako. Tunazo faili za watu waliosimamiwa na marafiki.

ELDORET HADI KLA

Sasa nimepata nyingine, ya kukodi, miaka 49, hati ipo na nimeshaitafuta kwenye ofisi ya ardhi iko safi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ananijua. Kuna kitu nimesahau?

KARANI WA BOMBO

Mwenye ardhi ameoa?

ELDORET HADI KLA

Ameoa. Kwa nini?

KARANI WA BOMBO

Ardhi ambayo familia inakaa au inapata chakula chake haiuzwi wala haikodishwi bila idhini ya maandishi ya mke au mume. Mke asipoandika, mkataba wako wa miaka 49 unaweza kufa mwaka wa kwanza. Na LC1 si mke.

ELDORET HADI KLA

Nilienda jana. Kuna mihogo, mama mmoja alikuwa analima. Dalali akasema ni kibarua.

KARANI WA BOMBO

Rudi peke yako, bila dalali. Umsalimie, umuulize mihogo anampikia nani.