Karatasi zinaisha haraka ofisini: Lean ianzie wapi?

Swali
Wakuu, ofisi ina watu 40 na rimu mbili huisha kila siku ya kazi. Tangazo la kuchapisha inapobidi tu limebandikwa kwenye kila printa, hakuna kilichobadilika. Nataka kutumia Lean, yaani mbinu ya kuondoa upotevu kazini, kupunguza karatasi na katriji zinazotupwa. Nianze na 5S (hatua tano za kupanga na kusafisha sehemu ya kazi)? Na nipime nini?

Jibu la 1
Tangazo halisaidii kwa sababu mtu hachapishi kwa kupenda. Utaratibu ndio unaomdai karatasi. 5S isubiri, la sivyo utapanga vizuri vitu ambavyo havikupaswa kuwepo.

Chagua mchakato mmoja, tuseme maombi ya malipo, uifuate fomu moja kwa miguu, meza hadi meza, tangu inapojazwa hadi inapoingia kwenye faili. Kila meza andika: nakala ngapi zimetolewa, fomu imelala siku ngapi, imerudishwa mara ngapi, na nani anaisoma kweli.

Kisha piga hesabu. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, hivyo rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5. Maombi 200 kwa mwezi, kurasa mbili kwa nakala tatu, ni karatasi 1,200. Yakirudishwa 60 na kuchapishwa upya, ongeza 360. Anza na hizo 360, maana zinapotea pamoja na wino na siku za watu. Tafuta kosa linalojirudia. Kama ni kifungu cha bajeti kilichoachwa wazi, weka orodha ya vifungu kwenye fomu yenyewe. Nakala isiyofunguliwa na mtu iondoe, lakini muulize kwanza mhasibu na mkaguzi. Nyingine hutunzwa kwa matakwa ya sheria.

Jambo dogo: Lean huita upotevu "muda", neno la Kijapani. Waeleze wenzako mapema, wasidhani umekuja kupima saa zao za kazi.

Jibu la 2
Kwenye kupima, usitegemee kaunta ya printa peke yake. Nyingi huhesabu pande zilizochapishwa, si karatasi. Ukiweka kuchapisha pande mbili, kaunta haishuki hata kama karatasi zimepungua nusu, na bosi atasema mradi umeshindwa. Rekodi kaunta pamoja na rimu zinazotoka stoo, kila wiki, kwa wiki nne kabla hujagusa kitu.

Mpangilio wa pande mbili uwekwe kwenye seva ya printa, si kompyuta moja moja. Pia kazi ya kuchapisha isubiri hadi mwenyewe aingize namba yake ya siri kwenye printa, na ifutike baada ya saa 24. Hapo karatasi zinazosahaulika kwenye trei zinakwisha.

Muuliza
Nikihamisha fomu yote kwenye mfumo wa kompyuta, si nitakuwa nimemaliza?

Jibu la 1
Hapana, ukiihamisha jinsi ilivyo. Fomu yenye saini sita itabaki na saini sita, na asiyeuamini mfumo ataichapisha aitie saini, kisha aiskani. Punguza saini kwanza.

Jibu la 3
Msisahau stoo. Fomu zilizochapishwa kwa wingi hutupwa siku nembo au namba ya simu inapobadilika, kwa hiyo chapisheni kwa mahitaji tu. Kwa rimu tumieni kadi ya kanban, kadi inayoonyesha kwamba sasa ni wakati wa kuagiza tena. Kiwango chake ni: matumizi ya siku mara siku za kusubiri mzigo, ongeza akiba. Kwenu, tuseme mzigo huchukua siku 5, rimu 2 mara siku 5 ni 10, na akiba ya siku mbili ni 4. Kadi ikae juu ya rimu ya 14 kutoka chini, ikifikiwa, agiza. Rimu isifunguliwe hadi inapotiwa kwenye printa, kwa kuwa karatasi ikivuta unyevu hujikunja na kukwama, na kila inayokwama inatupwa. Katriji nazo zisibadilishwe kwa onyo la kwanza. Subirini maandishi yaanze kufifia.