Joka la resini la laki nne na nusu, kumbe kopi! Nataka hela yangu

Wakuu, salamu. Nimekasirika na sitaficha, maana wengi tunaounga na kupaka rangi hizi sanamu ndogo za michezo ya vita vya mezani tunalizwa tunanyamaza.

Niliagiza sanamu ya joka la resini (plastiki inayomiminwa ikiwa maji kisha inakauka) kwa jamaa anayetukusanyia oda hapa Dar. Simtaji. Bei ya joka, nauli ya ndege, VAT ya asilimia 18, jumla laki nne na nusu, nikalipa yote kwa simu kabla mzigo haujatoka Uingereza, kwa maelezo yake. Nafungua boksi nakuta bawa limejikunja na kucha mbili hazina ncha. Hazikuvunjika njiani, resini haikufika kule tangu zinamiminwa. Chini ya jicho vitundu vya hewa vimejazana, ukigusa kwa ncha ya wembe vinafumuka vinakuwa shimo moja. Shingoni ndiyo balaa. Kalibu, yaani umbo la kumiminia resini, imeteleza, nusu ya kushoto imepanda juu ya nusu ya kulia, ukipitisha ukucha unakwama, na mstari wenyewe umekata katikati ya magamba. Ukipiga msasa magamba yanakwenda nayo.

Nikamtumia picha. Jibu lake: "Mkuu, resini ndivyo ilivyo, unarekebisha mwenyewe."

Hapana. Kazi ya mnunuzi naijua na naipenda. Kuosha vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo ili mafuta ya kalibu yatoke, la sivyo rangi inabanduka. Kupiga msasa kwa maji na barakoa usoni, maana vumbi la resini si la kuvuta. Kutoboa bawa zito na kulitia waya kabla ya gundi. Upanga ukipinda, maji ya moto, unanyoosha, unazamisha kwenye ya baridi. Hata hilo bawa nisingelifungulia uzi. Lakini magamba yaliyofutika shingoni nianze kuyachonga upya moja moja kwa puti, kwa bei hii? Na puti yenyewe ya epoksi niiagize nje, kwa sababu hii ya mafundi bomba ya Kariakoo ina chembe kubwa, haishiki alama ndogo.

Vitundu peke yake ningevumilia. Mwaka 2011 Games Workshop, kampuni ya Uingereza ya sanamu hizi, walipohamisha sanamu zao nyingi kutoka chuma kwenda resini waliyoiita Finecast, wachezaji walilalamikia vitundu hivihivi, kwa hiyo hata bidhaa halali inaweza kuwa navyo. Kilichonitibua ni kingine. Jamaa yangu wa Tabata ana joka hilohilo, dada yake alimnunulia kwa mtengenezaji mwenyewe. Tumeyaweka mezani pamoja. Langu ni fupi kidogo kuanzia pua hadi mkia, magamba yamefifia, na bawa lake halikai kwenye tundu la bega la kwangu, linagoma. Mnaojua resini mmeshaelewa. Resini husinyaa kidogo ikikauka, hivyo mtu akitengeneza kalibu kwa kutumia sanamu ya dukani, kinachotoka ni kidogo kuliko ile ya mwanzo. Hii ni kopi. Nimeuziwa kanyaboya kwa bei ya kitu halisi!

Mtu anayetaka kopi akanunue kopi kwa bei ya kopi, akijua. Mimi nilijinyima miezi ili mchongaji aliyelibuni joka hili apate haki yake na mimi nipate kazi yake ikiwa kamili. Wote wawili tumeibiwa na mtu mmoja.

Nilimwomba namba ya oda tu, nimwandikie mtengenezaji mwenyewe. Watengenezaji wengi ukiwatumia picha za kipande kibovu wanakutumia kipya bila hata kudai cha zamani. Akaniambia nirudishe mzigo kwa nauli yangu, na namba ya oda hatoi. Kwa nini asitoe, kama oda ipo?

Najua unasoma humu. Weka risiti ya mtengenezaji yenye tarehe, au rudisha laki nne na nusu kwenye namba ileile niliyokutumia nayo. Joka sijalipaka rangi wala kulitia gundi, liko kwenye boksi lake, njoo ulichukue.

Na nyie mlionunua kwake, msiunge kwanza. Pimeni urefu kwa rula, pigeni picha shingo na mabega kwa karibu, wekeni hapa tulinganishe.