Gari yangu ya Probox inalia "tik" tu asubuhi, haiwaki. Nishaambiwa ninunue stata (mota ya kuzungushia injini iwake), nishaurini kabla sijatoa pesa

MchuuziWete: Asalaam aleykum jamani. Nna Probox ya otomatiki, nabebea samaki kutoka diko la Wete kupeleka Chake. Inalala nje, karibu na pwani. Siku hizi asubuhi nikizungusha ufunguo inalia "tik" mara moja, basi, injini haizunguki kabisa. Mara nyengine nikirudiarudia inakamata, mara nyengine inagoma mpaka jua limepanda. Betri mpya. Fundi wa hapa jirani kasema stata imekufa, niagize Unguja. Pesa yenyewe ya kuungaunga, na nikishaifunga ikaonekana siyo, duka halirejeshi. Nianzie wapi?

KijanaKonde: Sukumeni, tia gia ya pili, itashika.

FundiWaya_Chake: Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, asichoke bure. Mchuuzi nijibu kwanza: ukishikilia ufunguo, taa za dashibodi zinafifia au zinabaki vile vile? Na umejaribu kwenye N (huru) badala ya P (kuegesha)?

MchuuziWete: Zinabaki kali, na honi inalia vizuri. Kwenye N ni yale yale.

FundiWaya_Chake: Basi betri mimi naitoa kwenye hesabu. Betri ikichoka, taa hufifia au huzimika pale pale stata inapovuta. Zako hazitikisiki, maana yake stata haivuti umeme. Na hiyo "tik", ikiwa inatoka kwenye stata yenyewe, inaonesha amri ya ufunguo inafika pale. Yamebaki mawili: stata yenyewe, yaani kaboni (vipande vya kupitishia umeme ndani yake) zimeisha au shaba za ndani ya selenoidi (swichi ya juu ya stata) zimelika, au njia ya umeme mkubwa, ule waya mnene wa pozitivu au wa ethi, yaani unaorudisha umeme upande wa negativu.

Wa ethi ndio unaosahauliwa. Umeme ukishapita kwenye stata lazima urudi kwenye betri, na injini imekalia mipira, haigusani vizuri na bodi. Waya ule ukila kutu, stata imekwama. Taa na honi zina ethi yao kwenye bodi, ndiyo mana hazijali.

Tafuta waya mmoja wa jampa, ule mnene wa kuazimia umeme wa betri nyengine. Ncha moja bana kwenye kichwa cha negativu cha betri, ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, boliti isiyo na rangi, mbali na feni na mikanda. Weka P, vuta breki ya mkono, piga stata. Ikizunguka kwa nguvu, stata yako nzima. Mwenye mita atoe jampa, apime volti hapo hapo, kichwa cha negativu na chuma cha injini, mwenzake akipiga stata. Ikizidi nusu volti, ethi mbovu. Tafadhali usinunue kitu kabla ya hapo.

BiKarafuu: Na gari za pwani msitazame nje tu. Wangu waya ulionekana mzima, ulipochanwa plastiki shaba ndani imegeuka unga wa kijani. Tena gusa waya wa eksileta au wa gia ukishapiga stata. Ukiwa na moto, ujue umeme umekosa njia unapita huko.

MchuuziWete: Allah awalipe. Nimebana jampa, imewaka papo hapo. Nimeitoa, "tik". Nimeirudisha, imewaka tena! Nimelala chini nikautazama waya wa ethi: unafungwa kwenye giaboksi kwa boliti moja, na pale pameota ukungu wa kijani na mweupe. Nisafishe tu au nibadilishe?

FundiWaya_Chake: Badilisha, chumvi ikishaingia ndani ya shaba haisafishiki. Unene usipungue ule wa zamani, mwembamba utapata moto. Fungua negativu ya betri kabla ya kugusa chochote. Pale kwenye giaboksi sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga, kaza, ndipo upake grisi juu yake. Halafu injini ikinguruma pima betri, itakiwavyo ni baina ya 13.8 na 14.5.

MchuuziWete: Nimeshafunga mpya. Leo alfajiri imekamata mara moja, mita inasoma 14.1. Stata siagizi tena.

KijanaKonde: Fundi, na yangu mimi injini inazunguka vizuri ila haishiki?

FundiWaya_Chake: Hiyo mdogo wangu ni nyengine kabisa, stata usiiguse. Piga stata kidogo kisha chomoa plagi uitazame. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika, tatizo litafute kwenye cheche: koili na plagi zenyewe. Ikiwa kavu, anza na fyuzi na rilei (swichi ya umeme) ya pampu ya mafuta, kisha pampu. Ni gari gani, na plagi ukizitoa zina hali gani?